Sentimita Kumi za Chumba cha Ndani

Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi basi la wanafunzi lilisimama Bububu, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi nilipokuwa nikingoja. Naijua dakika kwa sababu niliiandika. Kila kazi niliyoifanya tangu nilipoanza uashi ina daftari lake, na kazi ya siku ile, ingawa haikuwa na ujira, niliihesabu kuwa kazi. Nilikuwa na mfuko wenye taa mbili, timazi, chupa ya maji, na bomba la plastiki ambalo ndani yake nilikuwa nimekunja michoro yangu minne ya pango.

Wanafunzi walikuwa kumi na wanane, wa mwaka wa tatu wa usanifu majengo, na mwalimu wao alikuwa mwanamke wa bara wa umri wangu. Alikuwa ameiona michoro ile kwenye picha alizopigiwa na mtu aliyefika kwangu kuniomba nimtengenezee ukuta. Alinipigia simu, akaniuliza nimesomea wapi. Nilimwambia ukweli: nimeishia darasa la saba, kuchora nimejifunza kwenye karatasi zilizokuwa zikitupwa na wahandisi tulipokuwa tukikarabati majumba ya Mji Mkongwe, na kwenye vitabu vya mitumba. Akaniomba niwapeleke wanafunzi wake pangoni walipime upya, na kama vipimo vitakubaliana, michoro yangu iwekwe katika maktaba yao.

Nilikubali, lakini si kwa ajili ya maktaba. Katika michoro ile zilikuwamo sentimita kumi ambazo mimi na mke wangu tuligombania miaka kumi na tisa iliyopita. Mmoja wetu alikosea. Mimi nilisema ni yeye, yeye akasema ni mimi, na baada ya hapo hatukulisema tena. Alifariki miaka minne iliyopita. Wanafunzi walikuwa na kipimo cha leza, ambacho hakimjui mume wala mke, na mimi nilitaka kukisikia.

Pango lenyewe liko kaskazini ya Bububu, si mbali na pwani. Halikuumbwa na maji kama mapango mengine ya Unguja. Lilichimbwa kwa mkono ndani ya jabali la matumbawe. Unashuka ngazi kumi na nne, unaingia chumba cha kwanza, unapita mlango mfupi uliotobolewa katika ukuta mnene wa jiwe, unaingia chumba cha ndani. Basi. Wenyeji wa pale husema lilichimbwa kufichia watu waliokuwa wakiuzwa, wakati kuuza watu kulikuwa kumeshakatazwa. Wengine husema ni la zamani zaidi. Mimi si mwanahistoria. Ninachoweza kuthibitisha ni alama za tindo ukutani, ambazo zimeinama upande mmoja mpaka katikati ya chumba cha ndani, halafu zikainama upande wa pili. Walichimba watu wawili, na mmoja wao alikuwa wa mkono wa kushoto.

Wanafunzi waliposhuka walikuwa na kelele za safari. Kijana mmoja mrefu, ambaye ndani ya basi alikuwa amewachekesha wenzake njia nzima, alisimama kwenye ngazi ya mwisho akiwa ameinua simu juu.

"Fundi, humu mtandao haushiki hata chembe."

"Waliokaa humu hawakuwa na wa kumpigia," alimjibu binti aliyekuwa nyuma yake. Huyo ndiye aliyebeba leza. Alikuwa mtoto wa Unguja, nilimjua kwa maneno yake, na alikuwa amenipa shikamoo tangu Bububu, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kijana alishusha simu. Watu wakaanza kuona.

Mwalimu aliniomba niseme. Niliwaambia kitu kimoja tu nilichokigundua mwenyewe. Vyumba vya majumba ya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu kwa sababu dari yake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi karibu mita tatu haipatikani, au ikipatikana haibebi. Kwa hiyo mti ndio unaoamua upana wa chumba. Pangoni hamna boriti hata moja. Jabali linajibeba lenyewe. Waliochimba wangeweza kupanua wapendavyo. Lakini upana wa vyumba vyote viwili ni chini kidogo ya mita tatu.

"Kwa nini?" aliuliza mwalimu, ingawa niliona amekwisha kujua.

"Kwa sababu walikuwa mafundi wa nyumba. Walichimba chumba walichokizoea."

Wanafunzi waliandika. Nakiri nilifurahi. Kisha nilikunjua michoro yangu juu ya jiwe bapa lililo chini ya tundu la hewa, penye mwanga, nikawaacha waitazame huku wengine wakianza kupima.

Ni lazima nieleze jinsi mimi na mke wangu tulivyopima, maana kosa lilizaliwa humo.

Tulikuwa tukienda Jumapili, kwa Jumapili kumi na moja. Siku nyingine nilikuwa kazini. Mke wangu alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile zenye matundu madogomadogo yanayozungushiwa uzi, na kofia moja ilimchukua wiki nyingi. Nilimwomba anishikie ncha ya tepu kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumlipa, na kwa sababu mkono wake haukutetemeka. Alikaa na ncha ya tepu ukutani kama anavyokaa na sindano. Mimi nilikaa upande wa pili, nikisoma na kuandika.

Jumapili ya kwanza tulipima urefu wote, kutoka mguu wa ngazi, kupitia mlangoni, mpaka ukuta wa mwisho: mita kumi na nne na sentimita sitini na mbili. Jumapili ya nne jiwe liliporomoka likaangukia ncha ya tepu, likaichana. Tepu ilikuwa ya kitambaa, ya mita thelathini. Nilichukua wembe nikaikata palepale penye alama ya sentimita kumi, ili iwe imenyooka.

Mafundi wote wa kwetu wanajua kufanya kazi na tepu iliyokatika. Inaitwa kuanzia kumi. Anayeshika ncha hupiga ukelele "Kumi!", ili anayesoma akumbuke kwamba tepu haikuanza na sifuri, na kwamba katika kila kipimo atoe sentimita kumi. Hujibiwa "Kumi nimeitoa." Mimi niliongeza utaratibu wangu: kila kipimo nilichokwisha kukitoa kumi nilikitia alama ya vema pembeni. Mke wangu alijifunza ukelele ule siku ileile, na hakuwahi kuusahau. Pango lilikuwa likiurudisha. "Kumi!" na jabali likasema kumi.

Yeye alitaka ninunue tepu mpya. Alisema sokoni Darajani zipo, na kwamba anakaribia kumaliza kofia moja yenye mteja tayari. Nilimwambia tepu ni nzima isipokuwa kidole kimoja.

Jumapili ya nane tulikuwa chumba cha ndani. Tulipima urefu wake mchana, karibu na saa saba, na mara tu nilipokwisha kusoma taa ya kandili ilizimika, mafuta yamekwisha. Tulitoka tukipapasa. Nilikwenda na namba kichwani mpaka juu penye jua, nikaiandika. Kisha tulikula mkate na kurudi mjini.

Jioni, nyumbani kwetu nyuma ya Darajani, nilijumlisha. Chumba cha kwanza mita saba na sentimita sabini na nane. Unene wa ukuta wa kati, sentimita sabini. Chumba cha ndani, mita sita na sentimita ishirini na nne. Jumla ilikuwa kumi na nne na sabini na mbili. Urefu wote tulioupima mwanzo ulikuwa kumi na nne na sitini na mbili. Nilijumlisha mara tatu.

"Ulilegeza tepu," nilimwambia.

Alikuwa anashona. Hakuinua kichwa. "Wapi?"

"Sijui wapi. Lakini zimezidi kumi."

"Kumi kamili?"

"Kamili."

"Basi si kulegeza, bwana wee. Kulegeza hakuleti kumi kamili. Taa ilizimika kule ndani, ukatoka kwenda kuandika nje. Mimi nlisema kumi. Wewe hukuitoa."

"Nimeitoa."

"Tazama daftari. Utaona kama pana vema."

Daftari lilikuwa mapajani mwangu. Sikulitazama. Nilikuwa nimefanya kazi tangu alfajiri, nilikuwa na njaa, na nilikuwa mtu niliyejivunia kwamba, bila ya shule, sikosei namba. Hizi si sababu; naziandika kwa sababu zilikuwapo. Nilimwambia kazi ile haitaki mtu wa kubahatisha, na kwamba ni bora ncha ya tepu nikaifunge kwenye jiwe kuliko kumpa mtu asiyejua anachokishika.

Alikata uzi kwa meno. Alikunja kofia akaiweka kwenye kikapu chake.

"Haya," alisema. "Mchukue jiwe. Jiwe halisemi kumi."

Jumapili tatu zilizobaki nilikwenda peke yangu, na ncha nikaifunga kwenye jiwe. Hakugomba wala hakununa. Alinipa mkate kama kawaida, akaniuliza kama mvua imenipata. Lakini pangoni hakwenda tena, na kazi yangu nyingine yoyote ya kupima hakuigusa, hata nilipokuwa naweka rafu ya jikoni kwake mwenyewe na nilihitaji mtu wa kushika upande wa pili. Nilipomwomba alisema, "Lete jiwe," akacheka, na mimi nikacheka. Kicheko kile nimekifikiria mara nyingi.

Nilipochora ilinibidi sentimita kumi zile niziweke mahali. Niliziondoa kwenye ukuta wa kati. Badala ya sabini nikauchora sitini, jumla ikakubali. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nikaandika kwenye pembe ya mchoro wa nne, kwa wino: Unene wa ukuta wa kati umerekebishwa kwa sentimita kumi. Kosa la mshika ncha ya tepu.

Michoro ile niliitia vioo nikaitundika sebuleni. Ilikaa hapo miaka kumi na tano mke wangu akiwa hai. Kila Alhamisi alipangusa vioo vyote vinne kwa kitambaa chenye maji. Alikuwa anajua kusoma.

Sasa nirudi pangoni. Kijana mrefu alikuwa ameinamia mchoro wa nne. Alisoma kwa sauti, na sauti ilifika kila mahali.

"Kosa la mshika ncha ya tepu! Fundi, huyu mshika ncha ulimfukuza kazi?"

Wenzake walicheka. Kwao wao ilikuwa ni mzaha wa kawaida. Kila kundi lina mshika ncha wake wa kuonewa. "Ndiyo wewe huyo," mmoja alimwambia. "Jana ulishika mti ukasema ukuta."

"Hakuwa mwajiriwa wangu," nilisema.

Mwalimu alinitazama.

Binti wa leza alikuwa chumba cha ndani. Kifaa chenyewe ni kidogo kama kisanduku cha miwani. Kinabandikwa ukutani na kutupa nukta nyekundu ukuta wa pili, na namba inatokea. Nilimfuata. Nilisimama penye mlango, mgongo wangu kwenye ukuta ule wa kati, nikamsikia akimsomea mwenziwe.

"Sita, kumi na nne."

"Sita ishirini na nne," mwenziwe alimsahihisha, akitazama picha ya mchoro wangu kwenye simu.

"Mimi nakusomea jiwe, sikusomei karatasi. Sita, kumi na nne. Haya ngoja." Alisogeza kifaa. "Sita kumi na nne." Alikigeuza, akapima kutoka upande wa pili. "Nshapima mara tatu. Andika."

Kisha alikuja mlangoni, akaniomba radhi nisogee, akapima unene wa ukuta niliokuwa nimeegemea. Sabini. Alisimama akihesabu kwa midomo, akatoka mpaka kwenye jiwe bapa, akainamia pembe ya mchoro wa nne kwa muda mrefu kidogo. Nilimwona anavyofika, hatua kwa hatua, mahali ambapo mke wangu alifika papo hapo, bila ya kuinua kichwa kwenye kofia.

Alirudi kwangu. Alisema kwa sauti ya chini, nadhani kwa kunistahi mbele ya wenzake.

"Baba, ukuta ulikuwa sahihi. Kilichozidi ni chumba. Tepu yenu ilikuwa imekatika?"

"Ilikuwa imekatika."

"Kwenye kumi?"

"Kwenye kumi."

"Basi mshika ncha hakukosea."

"Naam," nilimwambia. Yeye akarudi kazini.

Nilikaa kwenye ngazi ya tatu kutoka chini. Mwalimu alikuja akakaa ngazi ya juu yangu. Alikwisha kuambiwa. Alisema tofauti ile ni ndogo, kwamba kwa mtu aliyefanya kazi kwa kandili na tepu mbovu, michoro yangu imekubaliana na leza kuliko alivyotarajia, na kwamba wataipokea maktabani. Sentimita kumi, alisema, zitasahihishwa kwenye kompyuta kwa dakika moja, na ile sentensi ya pembeni itafutwa, haitaonekana.

"Msiifute," nilisema.

"Kwa nini?"

"Mshika ncha alikuwa mke wangu. Ameshafariki."

Alisema pole. Chini yetu kijana mrefu, ambaye hakuwa amesikia, alikuwa akimwuliza mwenziwe jinsi ya kumchora mtu wa kuonyesha kimo katika chumba kama kile: amesimama, au amekaa? Hatimaye walimchora amekaa.

Kabla hatujatoka nilitazama karatasi yao. Chini, penye kisanduku cha maelezo, walikuwa wameandika wapimaji. Yalikuwa majina manne: la binti wa leza, la aliyeandika, la aliyeshika taa, na la kijana mrefu, ambaye kazi yake yote ilikuwa kushika kibao cheupe ili nukta nyekundu ionekane. Niliuliza kama ndivyo wanavyofundishwa. Binti alisema ndiyo, kila aliyegusa kipimo huandikwa, ili baadaye pakitokea shaka ajulikane wa kuulizwa.

Kwenye michoro yangu pale pa mpimaji pana jina moja.

Niliomba kalamu. Nilipiga mstari mmoja chini ya sentensi ile ya mchoro wa nne, nikaandika: Sentensi iliyo juu si kweli. Mshika ncha alisema kumi. Kosa ni la msomaji. Nikatia tarehe. Halafu kwenye michoro yote minne, pembeni ya jina langu, niliandika jina lake. Hapa sitaliandika, lakini kule limo, na mwalimu alinipa ahadi kwamba litabaki litakapoingizwa kwenye kompyuta.

Nilishuka Bububu saa tisa na nusu, wakaniaga wote madirishani. Mfuko ulikuwa mwepesi kwa kuwa michoro iliondoka nao. Nilipofika nyumbani sebule ilikuwa na miraba minne ukutani, myeupe kuliko ukuta mwingine, pale vioo vilipokuwa vimetundikwa. Sikujua kama chokaa ilikuwa imechakaa kiasi kile.

Nilitoa sanduku la madaftari chini ya kitanda. Daftari la pangoni nililipata upesi. Madaftari yangu yana namba. Sikuwa nimelifungua tangu nilipomaliza kuchora, na hata nilipokuwa nachora, ule ukurasa wa Jumapili ya nane niliunakili bila ya kuutazama pembeni. Naweza kusema sasa kwamba nilijua. Hata kwa hesabu nilikuwa najua. Ili tepu ya mita sita izidi sentimita kumi kwa kulegea, lazima ining'inie karibu nusu mita katikati, kama kamba ya kuanikia nguo. Mtu haioni tepu ya namna hiyo akasema imekazwa. Nilikuwa na hesabu hiyo, na sikuifanya, kwa sababu jibu lake lingenitaka niinuke nilipokaa, niende alipokaa yeye, niseme.

Ukurasa upo. Vipimo vingine vyote vya siku ile vina vema pembeni. Kipimo cha chumba cha ndani, kilichoandikwa kwa tarakimu kubwa zaidi, kama mtu anayeandika kwa haraka juani, hakina.

Nilikaa na daftari mpaka adhana ya magharibi. Nilitaka kulifunga, lakini mimi nina desturi ya kusoma daftari mpaka mwisho kabla ya kulirudisha. Ukurasa wa mwisho ni wa hesabu za kazi: nauli, mafuta ya taa, mkate, karatasi, wino. Chini kabisa kuna mstari nilioupigia rula mara mbili, kama nilivyokuwa nikifanya kwa jambo nililoona nimelifanya vizuri. Umeandikwa Jumapili ya nne: Tepu mpya haikununuliwa. Imeokolewa shilingi elfu sita na mia tano.